Mkia Usioonekana

Fuwele za protini zilipigwa eksirei Jumamosi, ng'ambo ya mlango wa bahari huko Lund, na Jumatatu saa mbili asubuhi matokeo yalikuwa yameshaingia kwenye kompyuta ya Vibeke Ravnholt katika chumba cha chini cha maabara, Aarhus. Hakuwa na wasiwasi nayo. Yalikuwa matokeo ya ziada, ya kujazia nafasi iliyobaki kwenye mashine, kwa sababu makala yenyewe ilikuwa imeshakubaliwa na jarida na ingetoka Jumatano ya wiki inayofuata. Alifungua faili huku akitafuna mkate mweusi wenye jibini, akaiona dawa imekaa palepale inapokaa siku zote, akaguna kwa kuridhika, akavuta daftari ili aandike.

Ndipo aliposoma maneno aliyoyaandika mwenyewe wiki tatu nyuma, kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa ukurasa: *Safu ya D, dawa imeisha. Sikutia.*

Aliyasoma tena. Akaangalia jina la fuwele iliyokuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta: D4. Akafungua D5. Dawa ipo. Akafungua D7. Ipo. Fuwele tatu ambazo hazijawahi kuonja hata tone la dawa, na dawa imekaa ndani yake kwa raha zote kama mwenye nyumba. Vibeke aliuweka mkate juu ya daftari, kitu ambacho asingemruhusu mtu yeyote akifanye.

Protini yao ilikuwa na jina refu la herufi na tarakimu, lakini pale maabara waliiita Tarishi, kwa kuwa kazi yake ni ya kutumwa. Hukaa chini ya ngozi ya seli, ikapokea habari kutoka nje kwamba muda wa kugawanyika umefika, ikaipeleka ndani. Kwa mtu mzima wa afya, Tarishi husema mara moja akanyamaza. Kwa wagonjwa fulani hanyamazi, anapiga kelele usiku na mchana, na seli zinagawanyika mpaka uvimbe unatokea. Tarishi ana mfuko mmoja ubavuni, na dawa ilitakiwa iingie kwenye mfuko huo imzibe mdomo. Kazi ya Vibeke ilikuwa kuonyesha imeingiaje.

Watu wengi hudhani eksirei inakupa picha ya kitu chenyewe. Haikupi. Inakupa ramani ya mawingu, pale elektroni zilipojazana, na wewe mtaalamu ndiye unayekaa mbele ya kioo na kuamua wingu hili ni nini na lile ni nini. Anayetamani sana kuiona dawa ataiona. Kila mwanafunzi wa fani hii huambiwa hivyo mwaka wake wa kwanza, naye hutikisa kichwa kukubali, akidhani anayesemwa ni mtu mwingine.

Wingu lililokuwa mfukoni lilikuwa la bafa, yaani yale maji yanayozuia asidi isipande wala kushuka wakati fuwele zinakua. Molekuli yake ina pete moja, na kichwa cha dawa nacho kina pete ya ukubwa uleule. Vibeke alilijua hilo ndani ya nusu saa, baada ya kuing'oa dawa kwenye ramani na kuiweka bafa mahali pake. Bafa ilikaa vizuri zaidi. Ndiyo, kweli, mwanzoni kabisa walipima fuwele tupu, zisizotiwa dawa, na mfuko ukaonekana mtupu. Lakini hizo zilikuzwa kwenye bafa ya zamani. Walipobadilisha bafa miaka miwili iliyopita, hakuna aliyerudia kupima tupu, maana ilionekana ni kupoteza muda.

Halafu kulikuwa na mkia. Dawa ile ina kichwa na mkia, na mkia haukuonekana hata siku moja katika ramani yoyote. Kwenye makala Vibeke aliandika kwamba mkia hauonekani kwa sababu unachezacheza ndani ya mfuko. Sentensi hiyo ilipita kwa wahakiki watatu na hakuna aliyeikoholea.

Na Alhamisi, siku tatu tu mbele, jopo lingekutana naye kumpa ajira ya kudumu. Kwa miaka tisa alikuwa akiishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa ulikuwa unaisha mwisho wa Novemba.

Saa tatu watu walikusanyika jikoni kunywa kahawa. Maabara ile ilikuwa na desturi yake: anayekamilisha umbo la protini analeta keki, na anayeboronga ananunulia wote bia Ijumaa. Ansgar, kijana mcheshi wa chumba cha pili, alikuwa amenunua bia mara mbili mwezi ule, mara moja kwa kuacha friji la baridi kali wazi mpaka asubuhi.

"Huyo anakuja, mwajiriwa wa kudumu!" Ansgar alisema. "Haya, tuambie mapema. Ijumaa ni keki ya chokoleti au ya marzipani? Mimi tumbo langu linahitaji kujiandaa."

"Hivi kosa likiwa kubwa sana, bia bado zinatosha?" Vibeke aliuliza.

"Kubwa kama lipi?"

"Kubwa tu."

"Likishazidi kreti mbili hilo si la bia tena, bibie. Hilo unahamia kisiwani ukafuge kondoo." Watu wakacheka. Vibeke naye akacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe, akamimina kahawa akarudi chini nayo bila kuinywa.

*

Saa kumi na mbili jioni mezani walikuwa watatu: Vibeke, mumewe Torkild, na Gudrun, mama yake Torkild, ambaye kila Jumatatu huja kula kwao. Torkild alikuwa fundi wa mapaa kwa miaka ishirini na mbili, hadi magoti yakagoma. Mwezi wa Agosti alitundika nyundo akaanza chuo cha ualimu. Alijitosa kwa sababu ajira ya Vibeke ilikuwa, kwa maneno ya kila mtu, imeshaiva.

"Leo wameniita babu tena," Torkild alisema, akimenya kiazi. "Kuna binti mmoja ana miaka ishirini na moja, ananiuliza, babu, zamani mlikuwa mnaandikia nini? Nikamwambia, kucha."

"Ukiwa na miaka hamsini na kitu unakaa na watoto, unategemea wakuite nani?" Gudrun alisema. Alikuwa ameshatoa kwenye mkoba pakiti mpya ya bendera ndogo za karatasi, zile za kupambia meza siku ya sherehe, akaziweka karibu na sahani ya siagi. "Hizi ni za Alhamisi. Na nimeshawaambia wenzangu wote wa kwaya. Mwongoza kwaya ameniuliza mkweo anafanya nini hasa, nikababaika. Nifafanulie vizuri, Vibeke, safari hii nisiaibike. Hiyo dawa inaingiaje?"

Vibeke aliweka uma chini. Alieleza habari ya Tarishi, kelele zake, na mfuko wake. Alieleza pete inavyokaa ndani na kuziba. Alikuwa ameeleza hivyo mara mia na maneno yalitoka yenyewe, kwa mpangilio mzuri, na Gudrun alikuwa akiitikia kwa kichwa huku midomo yake ikirudia polepole ili asisahau.

"Na mmeiona kabisa," Gudrun alisema. "Si kwamba mnakisia."

"Tumeiona," Vibeke alisema.

Gudrun alipoondoka, Torkild aliosha vyombo na Vibeke akafuta. Alimwambia hapo, akiwa na sahani mkononi, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Torkild hakuwa mtu wa maabara lakini alikuwa ameoa maabara kwa miaka kumi na tano, na alielewa kila kitu mara moja. Alifunga bomba.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Torkild aliangalia maji yanavyozunguka na kutokomea. "Basi kuna haraka gani?" alisema. "Sisemi ufiche. Nasema tu si lazima iwe wiki hii."

Vibeke aliiweka sahani kabatini. Jambo lililomuumiza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshayasema maneno hayohayo moyoni mwake, njiani, akiwa juu ya baiskeli.

*

Jumanne asubuhi alipanda juu kwa Hedvig Lindegaard, profesa wao, mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye angestaafu wakati wa masika. Hedvig alivaa miwani, akaisogelea ramani ya D4 mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Aliizungusha huku na huku. Dakika kumi zilipita.

"Umerudia kukokotoa?"

"Mara tatu. Na D5 na D7 ni hivyohivyo."

"Ule mkia," Hedvig alisema.

"Ndiyo."

"Nilijua ule mkia hauko sawa. Tangu picha ya kwanza. Nikajiambia, Vibeke ameshaangalia, Vibeke hakosei."

"Na mimi nilijiambia wewe umeshaangalia."

Hedvig alivua miwani akayasugua macho yake kwa viganja. Alionekana mzee ghafla, na Vibeke akamwonea huruma kwa namna ambayo hakuwahi. Katika miaka tisa mama huyu hakumwinulia sauti. Kila mkataba ulipokaribia kwisha, ni yeye aliyezunguka ofisi moja hadi nyingine akiomba mwaka mwingine.

"Hatujui kama dawa haimshiki Tarishi," Hedvig alisema. "Kwenye mirija ya majaribio inamnyamazisha. Kidogo, lakini inamnyamazisha. Labda inashika mahali pengine."

"Labda. Ila picha tuliyoipeleka kwenye jarida si ya dawa."

"Tutapima upya kwa utaratibu. Bafa mpya, tupu na zenye dawa, bega kwa bega. Mashine haina nafasi mpaka wiki tatu zijazo. Kabla ya hapo hatuna jibu, na bila jibu hatuna cha kutangaza."

"Makala inatoka Jumatano ijayo."

"Makala zinasahihishwa kila siku, Vibeke."

"Na Alhamisi?"

Hedvig alivaa tena miwani. "Alhamisi watakuuliza kuhusu kazi ya miaka tisa, si kuhusu safu ya D. Nisikilize. Nafasi hii nimeipigania miaka minne. Mimi nikiondoka hapa, nayo inaondoka. Hawatakupa mara ya pili, na hakuna atakayekuja kuiombea." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Wiki tatu tu. Si uongo huo. Ni subira."

Vibeke alishuka ngazi akiwa mwepesi. Mtu mkubwa, mwenye akili kuliko yeye, amemwambia asubiri, na sababu zake zilikuwa na kichwa na miguu. Alifika hadi mlango wa chumba chake kabla hajaanza kujionea haya kwa wepesi ule.

*

Jumatano baada ya chakula cha mchana simu ililia. Alikuwa Laust Mikkelborg, mkemia wa kampuni ya dawa ya Copenhagen iliyoshirikiana nao, mtu mpole mwenye kigugumizi kidogo ambaye Vibeke alikuwa amekutana naye mara mbili.

"Samahani kukusumbua," Laust alisema. "Najua kesho ni siku yako. Nimesikia kwa Hedvig. Hongera mapema."

"Ahsante. Kuna nini, Laust?"

"Hakuna kitu. Nataka tu usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine. Ijumaa wanakifunga kikundi changu." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemwaga kitu kwenye nyumba ya watu. "Wana haki. Nimetengeneza molekuli arobaini na tatu kwa kufuata picha yako. Nimeurefusha mkia, nimeutilia matawi, nimeupinda kushoto pale penye nafasi. Miezi kumi na moja. Hakuna hata moja iliyoizidi ile ya kwanza. Bosi anasema picha ni safi, kwa hiyo tatizo liko mikononi."

Vibeke aliishika simu kwa mikono miwili.

"Wasaidizi wangu wawili nao wanaondoka," Laust aliendelea. "Hao ndio wanaoniuma. Mimi nimeshazeeka, pengine kweli mikono imechoka, mtu hawezi kujijua mwenyewe. Nilitaka kukuomba radhi. Umetupa picha nzuri vile, sisi tukashindwa kuitumia."

"Laust, si mikono yako."

"Unasema kwa wema wako."

"Si kwa wema."

"Najua, najua. Ahsante lakini." Alikuwa anangoja, au labda alikuwa anatafuta namna ya kuaga. Vibeke alifungua mdomo. Aliwaza wiki tatu, Hedvig, vitabu vya chuo vya Torkild vilivyopangwa juu ya meza ya kulia. "Nitakupigia," alisema, "nitakupigia wiki hii," naye Laust akamshukuru tena, mara mbili, akakata.

Torkild alimsubiri nje ya jengo saa kumi, kama kawaida yake siku za Jumatano, na walipanda kilima wakizisukuma baiskeli kwa sababu ya magoti yake. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyomfanya mtu afungue mwavuli. Vibeke alimweleza habari ya Laust.

"Mtu mwenyewe humjui," Torkild alisema.

"Nimekutana naye mara mbili."

"Na mimi? Tumekutana mara ngapi?"

"Usinifanyie hivyo, Torkild."

"Nauliza tu. Mara mbili ni nyingi, kumbe. Mimi nikisikia mtu amefukuzwa kazi Copenhagen nitasikitika, kweli nitasikitika, halafu nitakula chakula changu." Alisimama kuvuta pumzi. "Hedvig mwenyewe amekwambia usubiri. Profesa. Wewe nani umzidi Hedvig?"

"Paa ungeliezeka vibaya, ukagundua, mwenye nyumba hajui. Ungefanyaje?"

"Paa likivuja mwenye nyumba anapiga simu mwenyewe. Haihitaji mimi nikajishtaki."

"Na akiwa anadhani kinachovuja ni kichwa chake?"

Torkild alimtazama kwa hasira ya kweli, kisha akaitazama barabara. "Mimi nina magoti mabovu na mitihani ya Januari," alisema. "Sina majibu ya mambo ya vichwa." Walimalizia kilima. Nyumbani alimvulia koti lililolowa akalitundika karibu na kipasha-joto, na Vibeke hakujua kama huo ni msamaha au mazoea tu.

*

Jopo lilikuwa la watu watano, katika chumba kirefu chenye madirisha ya kuelekea bustani ya chuo. Hedvig aliketi mwisho wa meza, bila haki ya kupiga kura. Vibeke alionyesha picha zake kwa dakika ishirini. Hakuwa ameamua. Watu wanaosema waliamua usiku uliotangulia, wakaingia kifua mbele, sijui wanalala vipi. Yeye alilala vibaya akaamka hana uamuzi, akapiga pasi blauzi.

Mwenyekiti, mwanamume mrefu mwenye tai ya kijani, aliuliza kuhusu kufundisha. Wa pili aliuliza kuhusu ushirikiano na makampuni, na Vibeke alijibu vizuri. Wote walikuwa wanatabasamu. Hilo lilikuwa jopo la kupitisha jambo lililokwisha kupita.

Kisha akazungumza mama mmoja wa idara ya mimea, Solvej Krag, aliyekuwa ameketi kimya akichorachora kwenye karatasi yake. "Mnisamehe, mimi ni mtu wa majani," alisema, na wengine wakacheka. "Turudi kwenye picha ya mfuko. Ahsante. Kichwa cha dawa nakiona. Mkia je? Mbona sioni mkia?"

Hedvig aliangalia mikono yake.

Sentensi ilikuwepo. Vibeke aliijua kwa moyo, ilikuwa kwenye makala, wahakiki watatu walikuwa wameibariki. Maneno manne au matano tu, halafu swali linalofuata, halafu kahawa. Alimwona mama Krag akisubiri kwa udadisi wa kweli, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeuliza njia.

"Hauonekani kwa sababu haupo," Vibeke alisema.

"Haupo kivipi?"

"Dawa haipo. Hicho mnachokiona ni bafa. Niliweka dawa mahali pa bafa, na sikuona tofauti kwa sababu nilitaka iwe dawa. Nimegundua Jumatatu." Akafungua D4 wakaiona. Akaeleza safu ya D, bafa ya zamani na mpya, fuwele tupu ambazo hazikurudiwa. Akaeleza kwamba kuna mkemia anayefukuzwa kesho kwa kufuata picha ile. Ilichukua dakika sita, na kwa dakika zote hizo Solvej Krag hakuchora kitu.

"Na makala inayotoka Jumatano?" mwenyekiti aliuliza.

"Isitoke."

"Profesa Lindegaard?"

Hedvig aliinua uso. Vibeke alikuwa amejiandaa kwa lolote. "Ni kosa letu wawili," Hedvig alisema. "Na kungoja lilikuwa wazo langu. Nitamwandikia mhariri, na bosi wa huyo mkemia, mchana huu." Hakumwangalia Vibeke, wala siku zile zilizofuata hakumwangalia sana, ingawa barua zote mbili aliziandika kama alivyosema.

Mwenyekiti alipiga simu saa tisa. Alisema jopo limeguswa na uwazi wake. Alisema uwazi ni nguzo ya taaluma. Alisema kwa hali ilivyo, nafasi haitajazwa mwaka huu. Vibeke alimshukuru, akakaa kidogo, kisha akampigia Laust.

"Si mikono yako," alimwambia. "Mfuko haukuwa na dawa. Picha ni ya bafa. Nimeshawaambia wote, na Hedvig anamwandikia bosi wako sasa hivi."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Tangu lini?" Laust aliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Nakuuliza umejua tangu lini."

"Tangu Jumatatu."

"Kwa hiyo jana nilipokuwa nakuomba radhi, ulijua."

"Nilijua."

Laust hakushikwa na kigugumizi hata kidogo. "Haya," alisema, na akakata simu.

*

Torkild alikuwa amechemsha viazi na kukaanga samaki. Alimsikiliza mkewe akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni begani, tangu swali la mama wa mimea mpaka neno la mwisho la Laust. Hakumkatiza. Vibeke alipomaliza, Torkild alizima jiko, na simu yake ikaanza kulia juu ya kabati. Alikuwa Gudrun. Torkild aliiweka kwenye kipaza sauti, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta.

"Ndo nataka kutoka," Gudrun alisema. "Nilete divai au mmeshanunua?"

"Usije leo, mama. Vibeke hakupata."

"Hakupata? Nani kamnyima?"

Torkild alimtazama mkewe, aliyekuwa bado amevaa koti. "Hakuna aliyemnyima. Ile picha ilikuwa na kosa, wenyewe hawakujua. Akawaambia."

"Akawaambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Gudrun alipumua kwa nguvu kwenye simu. Walimsikia akivuta kiti na kukaa. "Jumatatu nilimuuliza mezani," alisema polepole. "Akaniambia wameiona."

"Nilikudanganya, Gudrun," Vibeke alisema kutoka alipokuwa. "Nisamehe."

"Unanisikia? Basi. Basi, tutaonana Jumatatu." Kisha, baada ya muda: "Torkild, na wewe umemwambia nini?"

"Bado sijamwambia kitu."

"Basi kata simu umwambie," Gudrun alisema, na kabla hajakata, akakata yeye.

Torkild alinawa mikono kwa sabuni, akaipangusa kidole kimoja kimoja. Chuo angeacha au asingeacha, hilo lingekuja kuzungumzwa. Kwamba Vibeke angepanga foleni kwenye ofisi ya wasio na kazi akiwa na shahada zake tatu, nalo lingekuja. Vibeke alijua yote hayo yako njiani na alikuwa anayangoja, mgongo umenyooka.

"Nimekasirika," Torkild alisema.

"Najua."

"Hujui. Unadhani ni kwa sababu ya kazi. Ya kazi nitalia kesho." Alikaa kwenye kiti, akanyoosha goti bovu chini ya meza. "Tangu umeanza kunieleza, najiweka pale mimi. Watu watano, tai, kahawa inanukia. Yule mama ananiuliza mkia uko wapi. Nimejiweka mara tatu, mara nne. Kila mara namjibu unachezacheza. Najibu tena huku natabasamu."

"Torkild."

"Mimi ningenyamaza, Vibeke. Na huyo Laust angekwenda kaburini akiilaumu mikono yake, na mimi hapa nakula samaki." Uso wake ulikuwa umeiva. "Ndicho kinachoniuma. Siwezi hata kukugombeza."

Vibeke alivua koti. Alitaka kumwambia kwamba yeye naye alinyamaza siku tatu, kwamba ilibaki kidogo sana, kwamba kama mama wa mimea asingeuliza, huenda sasa wangekuwa wanakata keki. Lakini hayo Torkild aliyajua, ameyasikia yote sasa hivi. Akavuta kiti akaketi mkabala naye, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa uma.